Bipu Moja Haitoshi

Mwanangu Umba,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko uani anapambana na godoro lako. Amelikunja, amelifunga kamba, limefunguka, amelifunga tena, na sasa analisemesha kama mtu aliyemkosea adabu. Mimi nimeingia chumbani nikamwambia nakunja nguo zako. Nguo nilimaliza kuzikunja tangu asubuhi. Nakuandikia wewe.

Treni ikitimiza ahadi yake, kesho utakuwa njiani kwenda Lubumbashi. Isipotimiza, utakuwa kituoni umekalia mizigo, kwa hiyo nafasi ya kusoma utaipata kwa vyovyote. Mambo ya sufuria, ya maji ya kuchemsha, ya wasichana wa kukaa nao na wa kukaa nao mbali, shangazi yako aliyamaliza yote jana alipopiga simu kutoka Luena, tena kwa sauti ambayo hata jirani ameelimika. Sitayarudia. Katika mambo ya nyumbani una akili kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wako. Ninachoogopa ni kitu kimoja tu, nacho ni hilo neno lako la "bien".

Unajua unavyolisema. Ukiwa umeshiba ni bien, yaani salama, ukiwa na njaa ni bien, mwalimu akikufokea ni bien. Unalisema haraka, halafu unauliza habari za kuku. Tukiwa nyumba moja halinisumbui, kwa sababu nakuona. Lakini kesho utakuwa mbali, na kwa miaka yote ya masomo yako nitakuwa mtu wa kukusikia tu. Nimewahi kukusikia kwa njia hiyo mara moja, na nusura nikupoteze.

Habari ya Luena hatujaizungumza sawasawa. Tumeitania, tumeizunguka, baba yako ameifanya hadithi ya kuchekesha wageni. Leo niiseme mimi.

Ulipokwenda kumsaidia shangazi yako kwenye kibanda chake pale karibu na kituo cha treni, uniti za simu zilikuwa shida na mtandao wa kule ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka. Basi mimi, kwa ujanja wangu, nikakupangia utaratibu. Kila Jumapili baada ya misa utanipigia bipu. Ikilia mara moja ukakata, mambo ni mazuri. Ikilia, ukakata, ikalia tena, kuna tatizo, mimi nitatafuta uniti nikupigie. Sikukuuliza unaonaje. Nilijisifu sana. Niliwasimulia mpaka wamama wa sokoni, na wawili kati yao wakaiga.

Na bipu zikaja. Jumapili baada ya Jumapili, mara moja, kimya. Kuna siku nilikuwa nakaanga samaki, mikono imejaa mafuta, simu ikalia mara moja ikanyamaza. Nikasema kwa sauti, ingawa nilikuwa peke yangu jikoni, "Umba iko bien," nikageuza samaki. Nakumbuka hata samaki mwenyewe, mkia wake ulikuwa umeungua kidogo na nilikuwa na furaha.

Siku ile ulikuwa umelala kwenye mkeka, tifoide, homa ile ya matumbo, imekumaliza, huwezi kukaa bila kushikwa. Shangazi yako alikuona umeshika simu sikioni, akadhani umeniambia, akatulia. Nami niliisikia bipu, nikatulia. Wewe ndiye pekee uliyejua, na ulikuwa huna neno la kulisema. Kama baba yako asingepita Luena na kikosi cha kutengeneza reli, akaingia kumsalimia dada yake, sijui.

Siku aliyokuleta nilikuwa kituoni kumpokea yeye. Nilimwona kwa mbali anamshusha msichana mmoja mwembamba, amemwegemea begani, na moyoni nikamsifu mume wangu kwamba anamsaidia mtoto wa watu. Halafu yule msichana akainua uso.

Nilikuuliza kwa ukali kwa nini hukupiga mara mbili. Ukali ule nausikitikia mpaka leo, maana ulikuwa wa hofu, na wewe hukuwa na nguvu za kujua tofauti. Ulinijibu umefumba macho:

"Mama, mbili ilikuwa ya mambo mukubwa. Moja ilikuwa ya bien. Minyi nilikuwa katikati."

Nimelala na neno hilo usiku mwingi. Nilikupa maneno mawili tu, nikakutuma ukaishi nayo.

Sasa nikwambie nilikoupata ujanja ule, kwa sababu haukuanguka kutoka juu. Niliupata kwenye foni, ile redio ya kuitana kabla simu hazijafika.

Wewe umeikuta foni imekwisha kuwa chuma cha kukalia kuku, lakini mimi ilinilisha. Ilikuwa kwenye duka la Papa Ramazani, yule mzee ambaye watu wake walitoka Maniema zamani, aliyekuwa anauza samaki wakavu na maharage. Nyuma ya pazia aliweka mashine, betri ya gari chini ya meza, na juu ya paa waya mrefu umevutwa kati ya miti miwili. Mtu akitaka kusema na ndugu yake wa Bukama au Kabondo-Dianda, anakuja kukaa kwenye benchi. Kazi yangu ilikuwa kuita, kuitafuta sauti ya upande wa pili, na kumpa mteja kipaza akisogeze mdomoni. Kila aliyekaa kwenye benchi alisikia kila kitu, na kila aliyekuwa kwenye foni nyingine kwenye mstari uleule alisikia pia. Siri ya mtu kwenye foni ilidumu mpaka alipofungua mdomo.

Sauti ya foni haikuwa safi hata siku moja. Wewe ulinifundisha jina lake baadaye, analogi, lakini tabia yake niliijua kwa masikio. Mtu akisema kwenye kipaza, sauti yake inageuka umeme, na umeme ule unapanda na kushuka vilevile sauti inavyopanda na kushuka. Akipaza, unakuwa mkubwa. Akinong'ona, unakuwa mdogo. Na katikati hakuna ngazi, kama vile unavyozungusha kifungo cha sauti cha redio, unaweza kukisimamisha popote. Kwa hiyo kila kitu kinapita: kikohozi, kigugumizi, mtu kuvuta makamasi. Ubaya wake ni kwamba na mengine yasiyoalikwa yanapita. Radi ikipiga upande wa maziwa, imo. Jirani akiwasha kinu cha kusaga mahindi, kimo. Nikiongeza sauti nimsikie mtu, kelele nazo zinaongezeka, maana zimekwisha kuchanganyika naye na mashine haijui yupi ndiye mgeni wangu.

Siku moja ya masika, mfanyabiashara wa samaki alitaka kujua kama lori lake limepita Kabondo. Kelele zilikuwa nyingi mno. Naita, nasikia kama mtu anasema chini ya maji. Yule mtu anatoka jasho, samaki wakikaa njiani wanaoza. Ndipo nikapata wazo. Nikasema polepole, neno moja moja, kwa yule wa upande wa pili:

"Kama camion ilisha kupita, gonga moja. Kama hapana, gonga mbili."

Akagonga kipaza kwa ukucha. Ko. Moja. Tulinyamaza wote, haikuja ya pili. Benchi zima likashangilia, na mwenye samaki akanishika mikono yote miwili. Katikati ya kelele zilizoshinda maneno, mlio ule wa ukucha ulipita mzima. Siku hizi najua kwa nini. Ujumbe ukiwa na sura mbili tu, mpokeaji hahitaji kusikia vizuri, anahitaji kujua kitu kimoja, ipo au haipo. Ni kama swichi ya taa, haina robo. Kelele ndogo haiwezi kumdanganya. Hiyo ndiyo nguvu ya digitali unayokwenda kuisomea, mwanangu, na mimi niliipenda siku ileile kabla sijajua kama ina jina.

Basi nikalewa ushindi. Kila mteja mwenye maneno mengi nikamkatia. "Uliza kitu cha ndiyo ao hapana," nawaambia. Mama amekuja kusema na mwanawe, ana mambo ya mwaka mzima kifuani, mimi namwambia amuulize kama ni mzima, mwana agonge. Wengi waliondoka na jibu mkononi na uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Nikadhani wanapenda tu kupoteza betri ya watu.

Na mashine ile ilikuwa na kifungo kingine, cha kunyamazisha. Mtu asiposema, foni inanguruma mfululizo, ngrrr, mchana kutwa, mpaka kichwa kinauma. Ukikizungusha kile kifungo unaiwekea mashine mpaka: sauti yenye nguvu kupita hapa, fungua. Iliyo chini ya hapa, nyamaza, hesabu kwamba hakuna mtu. Mafundi waliniambia nikiweke chini kabisa, nivumilie ngurumo. Mimi nilikuwa na mimba yako, kichwa kinauma, wateja wanapiga soga. Nikakipandisha. Dukani kukawa kimya, raha tupu. Walioita kwa nguvu walinipata, na mimi nikaamini kwamba wanaoniita ni hao tu.

Sasa kuhusu kaku yako, bibi yako aliyenizaa, uliyerithi jina lake. Unajua alivyokupenda, hujui sana alivyonichukia kwa muda. Nilipotoka Kabondo kumfuata baba yako hapa Kamina, yeye alikuwa na mtu wake aliyenichagulia, mwenye mashamba, mtulivu. Mimi nikamtaka mtu wa reli ambaye leo hajui kufunga godoro. Asubuhi ya kuondoka kaku alikwenda shambani mapema ili asiniage. Nilipita njia ya shamba kwa makusudi, nikamwona mgongo wake, anapalilia, na nikajua amesikia miguu yangu. Hakugeuka. Sikumwita. Tulikuwa watu wawili wenye shingo ngumu, na tukakaa hivyo bila salamu mpaka mimba yako ikaonekana na habari zikamfikia.

Alipozisikia, akaanza kwenda kwenye foni ya misheni pale Kabondo kila siku ya soko. Masika, jua hakuna, betri yao ilichajiwa kwa jua, imechoka. Sauti yao ilitoka ndogo sana. Lakini kupokea hakuhitaji nguvu nyingi, kwa hiyo yeye alinisikia vizuri kabisa, kama niko chumba cha pili. Elewa jambo hilo, Umba. Mama yangu alikaa pale, aliniita kwa jina, na akanisikia nikiwaitika wengine. Alinisikia nikicheka na watu wa samaki. Alinisikia nikimwambia mtu wa Bukama arudie, sijamsikia vizuri, asikate. Yeye akaita tena, mimi nikanyamaza. Kifungo changu kilikuwa kimekwisha kumhesabu kwamba hayupo.

Alirudi nyumbani akidhani nimemlipa ule mgongo wa shambani. Siku ya soko iliyofuata akaenda tena, na nyingine tena. Kwa mtu mwenye shingo kama yake, kwenda tena kulikuwa kazi kubwa kuliko kupalilia mlima.

Kilichotuokoa ni bahati. Mteja mmoja alikuwa anasubiri kaka yake mwenye foni dhaifu, akaniomba nishushe kile kifungo changu cha kimya. Nikashusha kwa kununa. Ngurumo ikajaa duka, na ndani yake, mbali kabisa, mtu akavuta pumzi. Hakusema neno bado. Kaku alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kwa pua kabla ya kutaja jina langu, tangu utotoni nilijua kwa pumzi ile kama naitwa kula au naitwa kuchapwa. Nilisimama na tumbo langu, nikagonga meza, nikasema, "Mama?"

Ikapita kelele nyingi. Halafu akasema:

"Kumbe uko na masikio."

Watu wa benchi walicheka. Mimi sikuweza. Kila mtu kwenye mstari alikuwa anasikiliza, na mama yangu hakuwa mtu wa kuomba radhi mbele ya wauza samaki. Alisema ana kuku, atamtuma na mtu. Alisema yule kuku ni mwekundu. Alieleza kuku yule mpaka mwenye foni ya misheni akamwambia betri inakufa. Maneno yote yalikuwa ya kuku. Lakini niliisikia sauti inavyotetemeka kwenye "mwekundu", nikasikia anavyomeza mate, nikajua kwamba yamekwisha, kwamba analia na anaficha, kwamba anataka kuwepo utakapozaliwa. Hakuna hata moja ya hayo alilolisema. Yote yalikuja na kelele, kwa njia ileile ya kelele.

Alikuja, kama unavyojua, na wewe ukapewa jina lake, na ndiyo sababu nakuita mama na kukuogopa kidogo. Miaka mingi baadaye alikuwa akinichokoza mbele yako: "Minyi nilikuwa naita, weye unaitika ba samaki." Ulicheka kwa sababu wote walicheka. Mimi nilicheka pia, na kila mara kitu kilinikwaruza ndani.

Ungedhani baada ya hapo nimejifunza. Lakini mtu anaweza kujifunza jambo kwa mama yake na kulisahau kwa mwanawe. Simu zilipokuja nikafurahi kwamba ngurumo imekwisha, nikaichukua ile milio ya ukucha kwenye kipaza, nikaigeuza bipu, nikakupa wewe.

Ulipopona na kuanza kusoma vitabu vya umeme, nilikuuliza kwa kejeli hiyo digitali yako ina faida gani ikiwa ilitaka kuniulia mtoto. Sikutaka jibu. Wewe ukachukua lungo lenye unga wa bukari, ugali wetu wa jioni, ukausawazisha kwa kiganja, ukachora mlima kwa kidole. "Hii njo sauti yako, mama," ukaniambia. Ukapanga vijiti kutoka mwanzo hadi mwisho wa mlima, kila kijiti ukakivunja kwa kimo cha mlima mahali pake. Ukaniambia digitali haibebi mlima, inabeba vipimo vya vijiti, na kila kipimo kinaandikwa kwa zile sura mbili, ipo na haipo, zikipangwa nyingi pamoja. Anayepokea anavisimamisha vijiti upya na mlima unarudi. Na kwa kuwa anapokea namba, hapokei kelele za njiani, mlima unafika msafi.

Halafu ukanionyesha kilichotupata. Ukasema, tuseme tunaruhusu vimo viwili tu, kirefu na kifupi. Ukavunja vijiti upya. Mlima ukawa ukuta. Mteremko wote, mabega yote, hayakuonekana. Ukasema tena, tuseme tunapima mara chache, kijiti kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni. Mlima ukaondoka wote, ukabaki uwanja mtupu, na ungeapa kwamba hapo hapajawahi kuwa na kitu. Niliangalia uwanja ule nikaona Jumapili na Jumapili, na katikati yake wewe kwenye mkeka.

Ukaniambia simu inapima sauti maelfu ya mara ndani ya sekunde moja, na vimo vyake ni vingi, ndiyo maana hata pumzi inapita. Kisha, kwa ule mdomo wako:

"Digitali haina kosa, mama. Weye njo uliipatia ngazi mbili tu."

Nilikwambia uache kuchezea chakula. Ilikuwa njia yangu ya kusema una haki. Leo nasema kwa maandishi: una haki, na unisamehe.

Kwa hiyo sikukatazi kitu, nakwambia tu nilichoona. Kule Lubumbashi kutakuwa na mambo yanayotaka jibu la ukucha. Mtu akikuomba unachojua hakifai, awe mwalimu, awe kijana mwenye viatu vizuri, usimpelekee mlima wenye mabega. Gonga mara mbili, hapana, asikie hata akiwa na kelele kiasi gani masikioni. Nimewaona wasichana walioumia kwa sababu hapana yao ilikuwa na mteremko.

Lakini kwa watu wako, usiweke kile kifungo juu. Kuna marafiki watakaokuita kwa sauti ndogo, kwa sababu betri yao imechoka. Hawatagonga meza. Watakaa tu kitandani mwao wakisema mambo ya kuku. Ukitaka kimya cha raha utakipata, na hutajua umemkosa nani. Mimi nilikuwa na bahati kwamba mama yangu alirudi siku ya soko iliyofuata.

Na kwangu mimi, Umba, hakuna bipu tena. Nimekwisha kulifuta lile agano, nalifuta tena hapa. Usiniambie bien. Niambie umekula nini na kama ulikimaliza. Niambie yule msichana wa kitanda cha pili anakukera vipi. Niambie somo halikuingia, kichwa kinauma lakini si sana, umelia kidogo halafu ukalala. Mambo ya katikati ndiyo nayataka. Makubwa nitayasikia tu, hata watu baki wataniletea. Na usingoje Jumapili. Ukiwa huna uniti, nitumie ujumbe, nitapiga mimi. Ukiwa huna la kusema, tukae tu kwenye laini, tupumue, nitasikia ninachotaka.

Najua utafikiri unanilinda ukinificha. Hata mimi nilimficha mama yangu mengi kwa kumpenda. Lakini mzazi asiyejua halali vizuri zaidi, mwanangu, analala vibaya bila sababu. Nipe sababu. Naweza kuibeba. Nisichoweza tena ni kusimama kituoni nikimhurumia mtoto wa watu.

Mtandao ukiwa mbaya, sauti ikikatika, usikimbilie kusema haipiti ukazima. Nimekaa kwenye ngurumo miaka mingi, na huko ndani ndiko nilikompata mama yangu. Wewe sema tu. Nitakuwa nakutafuta.

Nimesikia geti. Umerudi. Baba yako amekuuliza kwaya imekuagaje, na wewe umemjibu hapo uani, haraka kama kawaida yako, "Bien, papa," halafu ukauliza godoro limefungwa na nani. Amecheka. Yeye amesikia neno. Mimi, nyuma ya mlango huu, nimesikia pua iliyoziba na koo lililokauka, nimesikia ulivyosimama kidogo kabla ya "papa". Umelia njia nzima kutoka kanisani.

Hivyo hivyo ndivyo nataka kukusikia kutoka Lubumbashi, na kesho kutwa hakutakuwa na mlango wa kusikilizia nyuma yake, utakuwa wewe wa kunisaidia. Barua hii nitaificha kwenye nguo zako, chini ya kitenge cha kaku. Sasa naweka kalamu chini, nitoke nije nikae karibu na wewe bila kukuuliza kitu, maana leo bado nakusikia bila mashine.

Mama yako,
Ngoie